Mshipa wa moyo ulifunguka kwa dawa, mbona moyo wa baba umebaki dhaifu?

Swali:

Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa Tandahimba, baba yangu ana miaka 61. Mwezi wa saba alitoka alfajiri kwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho. Kwenye saa 11 na nusu, mashine ikiwa bado mgongoni, alishikwa na maumivu makali ya kifua. Wote tulidhani ni salfa imemwingia, tukampa maziwa akalala. Saa 4 asubuhi jasho la baridi lilikuwa linamtoka na mkono wa kushoto umekufa ganzi, ndipo tukakodi gari. Hospitali tulifika saa 5 na nusu. Walimpima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wakasema ni shambulio la moyo, na saa 7 mchana wakamwekea dripu ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, streptokinasi. Katikati ya dripu alitetemeka, presha ikashuka, mashine ya moyo ikaanza kupiga kelele. Tulijua ndiyo mwisho. Lakini baada ya kama saa moja maumivu yaliisha, na daktari akatuonyesha karatasi mbili za ECG, akasema mstari umeshuka zaidi ya nusu. Siku ya tatu tulimpeleka Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wakasema mshipa uko wazi ila umebana sehemu moja, wakaweka stenti, kijibomba cha waya cha kuushikilia mshipa ubaki wazi. Sasa eko, kile kipimo cha picha ya moyo, inaonyesha moyo unasukuma asilimia 40 tu. Baba mdogo anasema dawa ile ndiyo iliyomdhoofisha, na kwamba tungemkimbiza Dar moja kwa moja. Je, dawa ilifanya kazi kweli? Na kama mshipa ulifunguka, kwa nini moyo umebaki dhaifu?

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na mpe mzee pole yangu. Umeniandikia saa kwa saa, na umenisaidia sana, maana kwenye ugonjwa huu saa ndizo zinazoeleza karibu kila kitu.

Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, dawa ilifanya kazi. Ushahidi umo kwenye maelezo yako mwenyewe, nitakuonyesha huko mbele. La pili ni kwamba mshipa kufunguka ni jambo moja, na msuli wa moyo kupona ni jambo lingine. Mshipa wa baba ulifunguka mchana, wakati sehemu ya msuli uliokuwa ukiutegemea ilikuwa imeshakufa tangu asubuhi. Dawa haikumdhoofisha. Iliokoa kile kilichokuwa bado hai.

Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu maneno ya baba yako mdogo nayasikia mara kwa mara, na mtu akiyaamini anaweza kuikataa dawa hii siku atakapoihitaji.

Moyo unasukuma damu kwenda mwili mzima, lakini msuli wake haulishwi na damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Una mishipa yake yenyewe, ya koronari, inayotambaa juu yake na kuzama ndani ya msuli. Miaka inavyokwenda, presha, kisukari, sigara na kolesteroli hujenga utando wa mafuta kwenye kuta za mishipa hiyo. Mtu anaweza kuishi nao muda mrefu bila kujua. Kisha utando unachanika, chembe za kugandisha damu zinakimbilia pale, nyuzi za protini iitwayo faibrini zinazifunga pamoja, na ndani ya dakika chache donge linaziba njia. Kwa baba yako ilitokea akiwa amebeba mashine ya kupulizia, kazi nzito kwa mtu wa umri wake. Salfa inawasha koo na kifua, kila mkulima wa korosho anaijua, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini salfa haifishi ganzi mkono wala haimtoi mtu jasho la baridi akiwa amelala.

Leo tunasema donge limeziba mshipa kana kwamba jambo hili lilijulikana siku zote. Mpaka miaka ya 1970 madaktari wakubwa walikuwa bado wanabishana kama donge ndilo linaloleta shambulio au linatokea baada ya msuli kufa. Mwaka 1980 Marcus DeWood na wenzake, huko Spokane nchini Marekani, walitoa matokeo ya picha za mishipa walizowapiga wagonjwa shambulio likiwa bado bichi. Kwa waliopigwa picha ndani ya saa 4 za kwanza, asilimia 87 mshipa ulikuwa umeziba kabisa. Kwa waliopigwa kati ya saa 12 na 24, waliokuwa wameziba walikuwa asilimia 65. Ziweke namba hizo mbili pamoja uone zinachosema: donge lipo tangu mwanzo, na mwili wenyewe unajitahidi kuliyeyusha, ila unachelewa mno. Kazi ya dawa ni kuuharakisha mwili kwenye jambo ambalo tayari unalijaribu.

Dawa aliyopewa baba ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1933 William Tillett wa Marekani alionyesha kwamba bakteria wa streptokoki, jamii ya hao wanaoleta maumivu ya koo, hutoa kitu kinachoyeyusha faibrini. Kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa streptokinasi. Ikiingia kwenye damu inashikana na plasminojeni, protini ambayo kila mtu anayo, na kuigeuza kuwa plasmini, na plasmini ndiyo inayokatakata nyuzi za donge. Ilichukua miongo mingi mpaka utafiti mkubwa wa Italia ulioitwa GISSI, uliotoka mwaka 1986 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 11,000, ulipothibitisha kwamba dripu ya streptokinasi inapunguza vifo. Mwaka 1988 ukaja ISIS-2 wenye wagonjwa 17,187. Waliopewa streptokinasi pamoja na aspirini, waliofariki katika wiki 5 walikuwa asilimia 8. Waliokosa zote mbili walikuwa asilimia 13.2. Aspirini, kidonge cha bei ya chini kuliko soda, ilichangia karibu sawa na streptokinasi yenyewe.

Sasa tuje kwenye damu inayopita, maana hapo ndipo swali lako lilipo.

Watu wengi, hata wauguzi, hufikiri mshipa una hali mbili tu, umeziba au umefunguka. Watafiti wa Marekani wa kundi la TIMI walipoanza kuzipima picha za mishipa katikati ya miaka ya 1980 waliweka madaraja manne. Daraja 0, rangi inayopigiwa picha haipiti kabisa. Daraja 1, inapenya kidogo lakini haifiki mwisho wa mshipa. Daraja 2, inafika mwisho, ila kwa kusuasua. Daraja 3, inapita kwa kasi ya kawaida. Ninyi mnaotegemea maji ya mradi wa Makonde mnalielewa hili kuliko mtu wa pwani: bomba linaweza kuwa zima na pampu inafanya kazi, na bado koki ya kijijini inadondosha tone moja moja huku ndoo zimepanga foleni. Hakuna atakayekuambia kwamba kijiji hicho kina maji. Msuli wa moyo unaopata damu ya daraja 2 uko kwenye foleni hiyo.

Ushahidi wa hilo ulitoka mwaka 1993 kwenye utafiti wa GUSTO, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 41,000 na ukalinganisha streptokinasi na dawa mpya ya wakati huo, alteplasi. Wagonjwa 2,431 kati yao walipigwa picha za mishipa kwa nyakati mbalimbali. Dakika 90 baada ya kuanza dawa, waliopata alteplasi kwa mtindo wa haraka walikuwa wamefikia daraja 3 kwa asilimia 54. Wa streptokinasi walikuwa karibu asilimia 30. Ilipofika dakika 180, tofauti ilikuwa imekwisha, streptokinasi ilikuwa imefikia mwenzake. Lakini hesabu ya vifo vya siku 30 haikulingana: asilimia 6.3 kwa alteplasi, na zaidi kidogo ya 7 kwa streptokinasi. Dakika zile 90 za kuchelewa hazikulipika. Na kati ya waliopigwa picha, wale waliokuwa na daraja 3 kwenye dakika ya 90, bila kujali walipewa dawa gani, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 4.4. Wale ambao mshipa ulikuwa bado umeziba walikuwa asilimia 8.9, mara mbili yake. Wa daraja 2 hawakuwa salama kama wa daraja 3, ingawa kwa macho ya haraka mshipa wao ungeitwa wazi.

Hii ndiyo sababu siridhiki nikisikia mtu anasema tu "mshipa umefunguka". Nataka kujua ulifunguka saa ngapi, na damu inapita kwa daraja gani.

Kuna jambo jingine lililo gumu zaidi, na tiba zetu bado zinahangaika nalo. Mshipa mkubwa unaweza kufunguka kabisa na bado damu isiwafikie walengwa, yaani seli za msuli. Mishipa midogo kabisa, isiyoonekana hata kwenye picha za Dar, ikikaa bila damu kwa muda mrefu kuta zake huvimba, vipande vya donge huingia humo, na njia hizo ndogo zinafungwa. Kadiri mshipa mkubwa unavyochelewa kufunguliwa ndivyo tatizo hili linavyokuwa kubwa. Kwa mtu aliyepata dawa baada ya muda wa saa 7 na nusu, kama baba, sehemu fulani ya udhaifu wa moyo huenda inatoka hapo.

Lakini sehemu kubwa inatoka kwenye msuli uliokufa kabla ya dawa. Msuli wa moyo haufi wote kwa mara moja. Keith Reimer na Robert Jennings walilionyesha hilo mwaka 1977 kwa mbwa: waliubana mshipa wa moyo, wakauachia baada ya muda tofauti, kisha wakaupima msuli uliokufa. Kifo kilianzia tabaka la ndani kabisa, lililo karibu na chumba cha moyo, kikasogea kwenda nje. Mshipa ulipoachiwa baada ya dakika 40, asilimia 38 ya msuli uliokosa damu ilikuwa imekufa. Baada ya saa 3, asilimia 57. Baada ya saa 6, 71. Binadamu si mbwa, na watu wengine wana vijia vya pembeni vinavyopitisha damu kidogo na kuwanunulia muda. Hata hivyo mwendo ni huo huo, wa haraka mwanzoni na wa polepole baadaye. Nusu saa ya alfajiri ina thamani kuliko nusu saa ya mchana.

Ukiangalia vifo vya watu picha ni hiyo hiyo. Kwenye GISSI, waliopata streptokinasi ndani ya saa 1 tangu maumivu yaanze, waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 8.2, na wenzao wasioipata asilimia 15.4. Nafuu ya karibu nusu, kwa dawa ile ile aliyopewa baba. Uchambuzi uliotolewa mwaka 1996 na Eric Boersma na wenzake ulikusanya tafiti nyingi na kukadiria kwamba kati ya wagonjwa 1,000 wanaotibiwa ndani ya saa ya kwanza, 65 wanaokolewa ambao wangekufa. Ndani ya saa ya pili, 37. Kati ya saa 6 na 12, ambako baba yako aliangukia, ni karibu 20. Imepungua sana ukilinganisha na 65, lakini hao 20 ni watu, na yawezekana mzee wako ni mmoja wao. Baada ya saa 12 faida inakuwa ndogo mno, na kwa kawaida dawa hatuitoi.

Umeniuliza bila kuandika wazi kama ni ninyi mliomchelewesha. Nitakujibu wazi. Kati ya saa 11 na nusu alfajiri na saa 4, msuli ulipotea. Hamkujua, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba maumivu ya kifua yanayozidi dakika 20 kwa mtu wa umri ule ni ya kukimbiliwa. Tena wapo wanaochelewa zaidi, wanaotafuna magnesiamu siku nzima wakidhani ni vidonda vya tumbo. Wenye kisukari na akina mama wazee ndio wanaonitia hofu zaidi, maana kwao inaweza kuja kama kuishiwa pumzi, kichefuchefu, au maumivu ya taya na mgongo tu. Halafu kuna muda wa saa moja na nusu kati ya kufika hospitali na kuwekewa dripu. Huo ni wajibu wa hospitali, haumhusu mtu wa familia. Mgonjwa wa maumivu ya kifua anatakiwa kupimwa ECG ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni, na ECG ikishaonyesha shambulio la aina hii, miongozo ya Ulaya inataka dawa ianze ndani ya dakika 10 nyingine. Natambua foleni za mapokezi, natambua dawa yenyewe wakati mwingine inafungiwa stoo na mwenye ufunguo hayupo. Sababu hizo zinarekebishika.

Turudi kitandani kwa baba, kwenye yale yaliyowatisha. Kutetemeka na presha kushuka ni mambo ya kawaida kwa streptokinasi. Imetokana na bakteria, mwili unaipokea kama kitu kigeni, na ikiingia kwa kasi inalegeza mishipa ya damu. Ndiyo maana inaendeshwa kwa dakika 30 hadi 60, uniti milioni 1.5. Presha ikishuka mhudumu hupunguza kasi ya dripu au kuisimamisha kidogo, huinua miguu na kuongeza maji, kisha inaendelea.

Kelele za mashine nazo zina maelezo. Damu inaporudi ghafla kwenye msuli ulioikosa, umeme wa moyo huvurugika kwa muda, na mapigo yanaweza kutoka mahali pasipo pake. Kuna mapigo ya aina hiyo ambayo sisi tukiyaona kwenye skrini, yakiwa ya kasi ya wastani na presha inashikilia, tunaanza kupata matumaini. Mengine ni ya hatari na yanahitaji kushtua moyo kwa umeme, ndiyo maana dawa hii haitolewi mahali ambapo mgonjwa hana mtu wa kumwangalia. Ulichokiona wewe kama mwisho, yaelekea ndipo damu ilipokuwa inapita.

Na zile karatasi mbili ndizo ushahidi niliokuahidi. Shambulio la aina ya baba huonekana kwenye ECG kama mstari ulioinuka, sehemu tunayoiita ST. Mshipa ukifunguka na damu ikaufikia msuli, mstari unateremka. Tunapima dakika 60 hadi 90 baada ya dawa: ukiteremka kwa nusu au zaidi, na maumivu yakaisha, tunasema dawa imefanikiwa. Kipimo hiki kinanipendeza kwa sababu kinausemea msuli wenyewe, hakiishii kwenye mshipa, na hospitali yoyote yenye mashine ya ECG inaweza kukifanya. Mstari usingeteremka, angetakiwa kukimbizwa mara moja kufunguliwa mshipa kwa waya unaopitishwa ndani yake.

Sasa la baba yako mdogo, kwamba mngekwenda Dar moja kwa moja. Namheshimu, anamwonea uchungu kaka yake. Tena kuna ukweli ndani ya wazo lake: kufungua mshipa kwa waya na stenti, pale panapowezekana haraka, kunashinda dawa. Huleta daraja 3 kwa wagonjwa wengi zaidi na hakuleti hatari ile ile ya kuvuja damu kichwani. Ila neno linalobeba uzito hapo ni haraka. Miongozo inasema ikiwa mgonjwa hawezi kufunguliwa mshipa ndani ya dakika 120 tangu ECG isomwe, apewe dawa kwanza. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na ninyi mnatokea Tandahimba. Mkiondoka na gari saa 6 mchana, mkifika Daraja la Mkapa pale Rufiji msuli wote uliokuwa unaweza kuokolewa umeshakwisha, na bado hamjaingia jijini. Hata ndege ya Mtwara haimngoji mgonjwa uwanjani.

Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa STREAM, wa wagonjwa 1,892 waliofika mapema, ndani ya saa 3, lakini wasingeweza kufunguliwa mshipa ndani ya saa moja. Nusu walichomwa tenekteplasi, dawa ya kizazi cha baadaye inayotolewa kwa sindano moja kwa mujibu wa uzito, mara nyingi ndani ya gari la wagonjwa, kisha wakapelekwa kwenye maabara ya moyo, yaani chumba cha kufungulia mishipa kwa waya. Nusu nyingine walikimbizwa huko moja kwa moja. Ukijumlisha vifo, presha kuporomoka kwa sababu ya moyo, moyo kushindwa na shambulio jipya katika siku 30, makundi hayo mawili hayakuachana kwa maana yoyote. Hao wa sindano, zaidi ya theluthi moja walihitaji kufunguliwa kwa dharura kwa sababu dawa haikutosha. Waliobaki walisubiri mpaka kesho yake kwa utulivu.

Kwa hiyo mpango sahihi kwa mtu wa Lindi na Mtwara, iwe Liwale, Nanyumbu, Kilwa au kwenu, ni dawa kwanza, gari baadaye. Nalisema hili nikilimaanisha kwa wenzangu pia. Nimechoka kuona barua za rufaa zilizoandikwa vizuri, ECG imebanwa juu yake kwa pini, mstari umeinuka wazi, na mgonjwa amesafirishwa bila kupewa hata aspirini. Kama hospitali ina dawa, itoe pale pale. Kama daktari wa zamu ana wasiwasi na ECG, aipige picha kwa simu amtumie bingwa aliye mbali, wasome pamoja kwa dakika 5. Na kama hospitali ina mashine ya ECG lakini haina dawa, mganga mfawidhi ailetee bajeti. Mikoa yetu iko mbali na maabara za moyo kuliko mikoa mingi ya nchi, kwa hiyo sisi ndio tunaoihitaji zaidi.

Dawa ina hatari yake, sitaificha. Inayeyusha donge popote lilipo, hata lile lililoziba kidonda kilichokuwa kinapona. Inayoogopwa kuliko zote ni kuvuja damu kwenye ubongo, inayompata karibu mgonjwa mmoja kati ya 100, zaidi kwa wazee sana na wenye presha ya juu isiyoshuka. Ndiyo maana kabla ya dripu mliulizwa maswali mengi mkaona kama wanapoteza muda: amewahi kupata kiharusi, amefanyiwa upasuaji karibuni, ameanguka akaumia kichwa, anatapika damu au kupata choo cheusi. Aliyewahi kuvuja damu kichwani hapewi kabisa. Pia dawa hii ni kwa shambulio lenye mstari ulioinuka tu. Lipo shambulio la moyo ambalo mshipa haujaziba kabisa na mstari haujainuka, na huko dawa hii haisaidii, inaongeza madhara. Mtu asije akaidai kwa kila maumivu ya kifua.

Stenti ya Dar iliwekwa kwa sababu dawa inaondoa donge, haiondoi utando uliochanika. Mahali palipobana panabaki, na panaweza kuziba tena, hasa katika siku na wiki za mwanzo. Kumpiga picha na kupanua mshipa baada ya dawa kufanikiwa ni sehemu ya tiba ile ile, na inapendeza ifanyike kati ya saa 2 na 24. Ninyi mlikwenda siku ya tatu. Kwa umbali wetu, mmejitahidi.

Asilimia 40 sasa. Moyo mzima husukuma asilimia 55 au zaidi ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikuu kwa kila pigo, kwa hiyo 40 ni pungufu, lakini yuko mbali na wale wa 20 wanaoshindwa hata kulala chali. Tena kipimo cha siku za mwanzo kinadanganya kidogo. Kuna msuli uliokufa, huo haurudi, unageuka kovu. Pembeni yake kuna msuli ulio hai ila umezubaa, umepata damu lakini bado haujaanza kujikunja vizuri, na huo huamka polepole kwa siku na wiki kadhaa. Arudie eko baada ya wiki 6 hadi miezi 3. Nimewaona waliopanda kutoka 40 kwenda karibu na 50. Siwezi kukuahidi kwa baba, kwa kuwa saa zake zilikuwa nyingi, ila hiyo 40 usiichukue kama hukumu.

Kupanda huko kunategemea vidonge. Aspirini ni ya maisha. Klopidogreli, kidonge kingine cha kuzuia damu isigande, kwa kawaida ni ya mwaka mmoja kwa mwenye stenti, na akiikatisha mwenyewe katika miezi ya mwanzo stenti inaweza kuziba kwa siku moja. Kuna ya kolesteroli, na kuna zile za kuupunguzia moyo mzigo, ambazo daktari huziongeza kidogo kidogo kadiri presha inavyoruhusu. Akisema kidonge fulani kinamlegeza, mrudi kliniki kibadilishwe, msikiache nyumbani. Sigara, kama anavuta, iishe leo. Atembee kila siku kwenye njia tambarare, aongeze umbali taratibu. Mashine ya kupulizia salfa asiibebe msimu huu, mikorosho ipuliziwe na vijana, na mwakani mtauliza kliniki kabla hajaigusa.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Mwili wa baba sasa umetengeneza kinga dhidi ya streptokinasi, na kinga hiyo hudumu kwa miaka. Akishambuliwa tena, dawa hiyo hiyo inaweza isifanye kazi au ikamletea mzio, na atahitaji tenekteplasi au alteplasi. Daktari wa zamu atakayempokea hatajua bila kuambiwa. Kwa hiyo andika jina la dawa, tarehe na saa aliyopewa, na tarehe ya stenti, ubandike ndani ya daftari lake la kliniki, upige picha ya ukurasa huo na ECG zake zote mbili uziweke kwenye simu yako na ya baba mdogo. Maumivu yakirudi, atafune aspirini ya miligramu 300 kama havuji damu popote, mwende moja kwa moja kwenye hospitali iliyo karibu yenye ECG, na ukurasa huo uwe wa kwanza kumwonyesha daktari.